Ndoo ya njano

Wengi wetu tukisikia "mtawa wa Kibudha" tunapata picha moja: mtu kanyoa kipara, kafumba macho, kajikalia mlimani, ya dunia hayamhusu. Hata mimi nilikuwa hivyo, mpaka nilipomsindikiza binamu yangu Bangkok, yeye akiuza mawe, mimi nikishangaa mji.

Asubuhi ya kwanza usingizi uligoma, nikateremka kutafuta kahawa. Saa kumi na mbili kasoro, mama mmoja muuza mishikaki ya nguruwe aliacha jiko lake, akavua kandambili, akatumbukiza mfuko wa wali wa kunata kwenye bakuli la mtawa kijana aliyekuwa peku. Kisha akapiga magoti palepale lami, viganja kifuani. Kijana akasoma dua fupi, akafunika bakuli, akaenda zake. Asante hakusema. Aliyeonekana kushukuru ni yule mama.

Nilikereka, nikiri. Baadaye nikaelezwa. Mtawa wa Thailand ana kanuni 227. Hapiki, haweki akiba ya chakula, na adhuhuri ikipita hali tena mpaka kesho. Kwa hiyo hata angependa kuukimbia ulimwengu, tumbo litamrudisha barabarani alfajiri. Naye mama anapata kile wanachokiita bun. Sisi tungesema thawabu. Hakuna ombaomba pale. Kila mmoja ana alichokijia.

Sasa, hilo ni bakuli. Ndoo ni habari nyingine.

Nenda supamaketi yoyote ya Bangkok utaziona zimepangwa: ndoo za plastiki za njano, zimefunikwa nailoni inayong'aa, ndani sabuni, dawa ya meno, majani ya chai, tambi, pengine na joho jepesi kama chandarua. Mtu ananunua, anapeleka hekaluni, anabarikiwa, anapiga picha. Wafanyabiashara nao wakajua mchezo, wakawa wanajaza makaratasi chini ili ndoo ionekane imefura, hadi serikali ikaagiza zibandikwe lebo ya vilivyomo. Kuna mahekalu ambayo ndoo hailali: unaweka pesa, unakabidhiwa ndoo, unaitoa sadaka, inarudishwa mezani kumsubiri mwingine. Binamu yangu alicheka sana. Mimi nilimwambia angalau hawa hawajazi stoo.

Kinachonisikitisha ni kwamba joho lilianza mbali kabisa na nailoni. Watawa wa kwanza waliokota matambara majalalani na mahali pa kuchomea maiti, wakayafua, wakayaunga, wakayachemsha na magome na miti kupata rangi. Watawa wa msituni bado hutumia moyo wa mfenesi. Mtu wa Muheza asingeamini kwamba ile rangi tunayoishangaa inatoka kwenye mti wake wa uani. Hata sherehe ya Kathina, baada ya ile miezi mitatu ya mvua ambayo watawa hutulia hekaluni, kiini chake ni kitambaa tu: kinakatwa, kinashonwa na kupakwa rangi ndani ya siku moja, watawa wakisaidiana. Siku hizi unakuta joho tayari, limekunjwa dukani.

Ndiyo maana Wat Chak Daeng ilinigusa. Ni hekalu lililo Samut Prakan, kusini mwa Bangkok, kando ya mto Chao Phraya, na mto ule huleta taka kama mito yetu. Watawa na watu wa jirani huchambua chupa za plastiki, kifuniko huku, lebo kule, wanazishindilia kuwa marobota na kuzipeleka kiwandani zifanywe nyuzi. Nyuzi zinachanganywa na pamba, zinafumwa, kitambaa kinarudi kushonwa majoho. Wapo wanaosema mtawa kazi yake ni kutafakari, si kuchambua takataka. Nadhani wamesahau jalala la mwanzo. Mtu anayevaa kile ambacho sisi tumekitupa amefuata kanuni kuliko yule mwenye kabati la majoho ya nailoni.

Tena pale sadaka imebadilika: ukileta chupa tupu umeleta kitu kinachohitajika. Muuza mishikaki anazo kila siku.

Niliporudi Dar nilijikuta nawaza ndoo zetu wenyewe. Kila sikukuu kundi letu hupeleka vitu kwenye kituo kimoja cha watoto: unga, sukari, sabuni katoni kwa katoni, fulana za kufanana, picha, kwaheri. Miaka sita. Hatukuwahi kuuliza. Safari hii nilimpigia mama mlezi kabla ya kuchangishana. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayepima kama naweza kukasirika.

"Mwanangu, sabuni tunayo mpaka Pasaka ijayo," akasema. "Kama mnaweza, nileteeni fundi bomba. Choo cha wasichana kimeziba tangu Agosti."