Muosha magari wa wikiendi: leseni kwanza au bima kwanza?

Nina mdogo wangu wa kazini. Jumatatu hadi Ijumaa tunakaa naye ofisi moja, Jumamosi anageuka fundi wa usafi wa magari. Anabeba vakyumu, mashine ya kung'arishia rangi, ndoo na chupa zake za dawa, anawafuata wateja majumbani Tabata, Segerea na Kinyerezi, hapa Dar es Salaam. Si yule wa kumwagia gari maji na sabuni akaondoka. Anafungua siti, anafua kapeti, anasafisha dari, anaosha injini, anapiga polishi mpaka rangi inarudi. Gari moja linaweza kumla nusu siku. Wiki chache zilizopita aliniuliza: "Kaka, kwa siku mbili tu za wiki, kweli nikahangaike na leseni ya biashara? Hiyo hela si bora nikatie bima?"

Nilimjibu palepale kwamba bima ndiyo ya maana, leseni isubiri. Nilikuwa na sababu. Kazi hiyo niliwahi kuifanya, na kilichoniumiza hakikuwa mgambo wa manispaa bali bampa. Mteja alikuja jioni kuchukua Harrier yake, akaona mchubuko kwenye bampa la nyuma, akasema asubuhi haukuwapo. Mimi niliamini ulikuwapo. Hakuna kati yetu aliyekuwa na picha wala karatasi. Nikalipa lipigwe rangi upya, na faida ya mwezi mzima ikaishia hapo.

Tangu aniulize nimelichunguza suala hili vizuri zaidi, na naona jibu langu lilikuwa na kasoro kubwa.

Anayesema leseni ni mzigo ana hoja ya kweli. Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972, na mtu iliyemlenga ni mwenye duka: ana mlango, ana kibao, ana mahali ambapo ofisa biashara akienda atamkuta. Leseni imefungwa na mahali, na ukifungua tawi la pili unahitaji leseni nyingine kwa ajili ya tawi hilo. Siku hizi maombi ya halmashauri hufanywa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI ukiwa umekaa nyumbani na simu yako, na TIN, yaani namba ya mlipakodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato), hailipiwi. Hapo pamerahisishwa kweli. Lakini swali la mahali liko palepale. Unaulizwa mkataba wa pango. Ukiwa na mkataba huo, inakuja kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye pango na kupelekwa TRA, ya asilimia 10 na ushuru wa stempu wa asilimia 1, na mara nyingi mwenye nyumba huviacha vyote viwili vimwangukie mpangaji. Kijana wangu hana pango. Karakana yake ni uani kwa mteja. Akitaka kufuata utaratibu kwa unyoofu, anaweza kujikuta anakodi kibanda asichokihitaji ili apate anuani ya kuandika kwenye fomu.

Kwenye kodi kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Tumezoea kwamba biashara ndogo inaingia moja kwa moja kwenye kodi ya makadirio: mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi, yaliyo kati ya milioni 4 na 7 hutozwa shilingi 100,000 kama huna kumbukumbu, au asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4 kama unazo. Mwenye mauzo ya milioni 6 na daftari lake analipa 60,000, asiye na daftari analipa 100,000. Ni utaratibu mzuri, na unamfundisha mtu kuandika. Ila Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 imeuweka kwa mtu ambaye kipato chake chote cha mwaka kinatokana na biashara. Mwenye mshahara hayumo. Faida yake ya Jumamosi inajumlishwa na mshahara na kupimwa kwa viwango vya kawaida. Kwa hiyo anayefanya siku mbili anaweza kubanwa zaidi ya anayefanya siku saba.

Vivyo hivyo na vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vya mwishoni mwa 2018, vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo chini ya milioni 4. Vilimlenga machinga anayeishi kwa meza yake. Mwajiriwa mwenye kazi ya pili hakufikiriwa. Na hiyo milioni 4 haiko mbali hata kwa muoshaji wa kawaida: tuseme magari manne kwa siku, siku mbili kwa wiki, shilingi 10,000 kila gari, kwa wiki 50. Hiyo ni milioni 4 kamili, na ni bei ya kuosha nje tu. Anayefua siti na kupiga polishi anaweza kuivuka kabla mwaka haujafika katikati.

Ndiyo maana wengi hujificha. Siwezi kuwaita wahalifu.

Lakini nenda Sinza au Mwenge ukazungumze na mwenye eneo la kuoshea magari. Analipa pango, analipa leseni, analipa bili ya maji ya DAWASA. Kama amechimba kisima cha biashara, anatakiwa awe na kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Vijana wake anatakiwa kuwachangia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, asilimia 0.5 ya mishahara yao, ili akiteleza mmoja akavunjika mkono apate fidia. Kisha anamwona mwajiriwa wa ofisini anapita Jumamosi na bei ya chini, bei ambayo imewezekana kwa sababu hakuna hata moja kati ya hayo analolibeba. Malalamiko ya huyu mwenye eneo si wivu, na halmashauri isiyomsikiliza inamwadhibu mtu kwa kufuata sheria.

Kuna pia maji machafu. Maji yanayotoka kwenye injini yana oili, grisi na kemikali za kukatia uchafu. Uani kwa mteja yanaingia mtaroni, mtaro unayapeleka mto Msimbazi, na Msimbazi unayapeleka baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na wanaoosha magari ukingoni hufukuzwa kwa hiyo. Anayeosha kilomita mbili kutoka hapo, kwenye sakafu ya saruji iliyoelekezwa mtaroni, anaupelekea mto uleule uchafu uleule. Oktoba 2022, mto Ruvu ulipopungua na jiji likaingia kwenye mgawo wa maji, sote tuliona maji yana thamani gani hapa. Manispaa haiwezi kumwelekeza mtu isiyemjua, na leseni ndiyo njia yake ya kumjua.

Sasa bima, ambako nilijibu kwa haraka kuliko kwingine kote. Tunasema "bima" kana kwamba ni kitu kimoja. Gari la mteja huwa na bima ndogo, ile ya lazima, na kazi yake ni kumlinda mtu wa tatu. Kijana akilisogeza gari la gia otomatiki, akakanyaga mafuta akidhani ni breki na kugonga ukuta wa mteja, bima ndogo haitengenezi gari hilo. Kama mteja ana bima kubwa, ile inayolipia hata gari lenyewe, kampuni yake inaweza kumlipa, na hapo muoshaji hupumua akidhani yamekwisha. Hayajaisha. Kampuni ikishalipa inachukua ile haki ya mteja ya kudai, na inaweza kumgeukia aliyesababisha hasara. Na kama aliyekuwa kwenye usukani hana leseni ya udereva, kampuni imepata sababu ya kukataa kulipa kabisa.

Basi akate yake, bima ya dhima kwa umma. Hii inasaidia jirani akiteleza kwenye sabuni, au jiwe likirushwa na maji ya presha likavunja dirisha la nyumba. Lakini bima nyingi za aina hii zina kifungu kisichosomwa: hazilipi mali iliyo mikononi mwa mwenye bima au chini ya uangalizi wake. Mali hiyo ndiyo gari analolisafisha. Mara nyingi pia huiacha nje hasara inayotokana na ufundi wenyewe. Magari yetu mengi ni yaliyotumika Japani, yana umri, na rangi imeshapigwa polishi mara nyingi kabla hayajashuka bandarini. Mashine ikituama mahali pamoja sekunde chache zaidi, inakula rangi ya juu. Maji ya presha yakiingia kwenye kompyuta ya injini, gari haliwaki. Hizi ndizo hasara za kazi hii, na mtu anaweza kulipia bima mwaka mzima, pamoja na VAT juu yake, huku zote zikiwa nje ya bima hiyo. Anachohitaji ni bima inayofanana na ya gereji, au nyongeza inayotaja wazi magari ya wateja yaliyo mikononi mwake.

Na hapo ndipo jibu langu la "leseni isubiri" lilipovunjika. Fomu ya bima ya biashara inauliza TIN, inauliza leseni, inauliza kazi inafanyika wapi. Bima inategemea mkatiwa bima kusema ukweli wote. Ukijiandika kama mtu binafsi asiye na biashara, siku ya madai kampuni ina haki ya kukukana. Karatasi niliyomwambia aiahirishe ndiyo inayoipa nguvu ile niliyomwambia aikimbilie.

Wajibu wake kwa mteja, hata hivyo, haungojei karatasi yoyote. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, anayekabidhiwa mali ya mwenzake anatakiwa kuitunza kama mtu wa busara ya kawaida angeitunza ya kwake. Wajibu huo unaanza funguo zinapogusa mkono wake, awe wa siku mbili au wa siku saba.

Nimemrudia na kumwambia hivi. Kwanza fomu ya kupokea gari: picha za pande zote nne, usomaji wa maili, vilivyomo ndani, saini ya mteja. Hii haina ada, na ingekuwapo nisingelipia lile bampa. Pili, mpaka apate bima inayomfaa, asioshe injini na asiendeshe gari la mtu hata kulitoa getini. Mwenye gari alisogeze mwenyewe. Tatu, aende serikali ya mtaa anakoishi apate barua, kisha aombe leseni kwa anuani hiyo na aeleze wazi kwamba huwafuata wateja. Halmashauri nazo zinapaswa kuwa na daraja la leseni kwa wasio na mahali, ada yake iwe ndogo na sharti lake liwe maji machafu, si pango. TRA nayo ingefanya haki kumruhusu mwenye mshahara kulipa kodi ya makadirio kwa kipato chake kidogo cha pembeni.

Leseni ikitoka, ndipo aende kwa wakala wa bima, na kabla ya kutoa hela aombe kuonyeshwa ukurasa wa mambo yasiyolipwa. Akikuta pale maneno yanayohusu mali iliyo chini ya uangalizi wake, asisaini mpaka aandikiwe nyongeza inayosema magari ya wateja yamo, na kiasi cha juu kitakacholipwa kwa gari moja.