Gwaii Haanas: mgeni hashuki mpaka aitikiwe

Kwenye hifadhi ya Gwaii Haanas hushuki kwenye boti mpaka wenyewe waseme. Mbele ya kijiji cha kale cha K'uuna, kilicho nje kidogo ya mpaka wa kaskazini lakini chenye utaratibu uleule, nahodha alipunguza mwendo, akachukua redio, akafungua chaneli ya 6 na kuomba ruhusa. Akajibiwa tusubiri: kuna kundi jingine nchi kavu, na wageni wanaoruhusiwa kwa wakati mmoja ni 12 tu. Tukasubiri. Mvua ya rasharasha, boti inayumba, na bwana mmoja nyuma yangu ananung'unika kwamba hakulipa pesa zote zile aje kuloweshwa baharini.

Nilimwelewa, maana safari ya huko ni ghali kweli. Hifadhi iko kusini mwa visiwa vya Haida Gwaii, magharibi mwa Kanada, na haina barabara; unakwenda kwa boti, kwa kayaki au kwa ndege ya kutua majini, na kabla ya kuondoka ni lazima upewe maelekezo. Hata hivyo, kule kusubiri ndiko kulikonionyesha kwamba hapa mwenyeji si pambo. Kwetu mtu hubisha hodi, na asipoitikiwa hurudi alikotoka wala hasemi ameonewa. Sioni kwa nini mtalii apewe ruhusa ya kuingia tu kwenye kijiji cha watu, eti kwa sababu kwenye ramani pameandikwa hifadhi ya taifa.

Na Wahaida, wenyeji wa asili wa visiwa hivi, hawakupewa mamlaka hayo kwa hisani. Ndui ya mwaka 1862 iliwafyeka, vijiji vya kusini vikahamwa, na kufikia mwisho wa karne walikuwa wamebaki mia chache. Baadaye zikaja kampuni za mbao, zikawa zinaangusha mierezi iliyoishi mamia ya miaka. Mwaka 1985 Wahaida wakaziba barabara ya magogo kwenye kisiwa cha Athlii Gwaii, ambacho ramani za serikali hukiita Lyell. Watu 72 walikamatwa, na waliotangulia kutiwa pingu walikuwa wazee, kwa kutaka wenyewe. Miaka miwili baadaye ukataji ukasimamishwa, na mwaka 1993 mkataba ukatiwa saini.

Mkataba huo ndio unaonivutia kuliko milima na nyangumi. Mwanzoni una safu mbili. Katika safu moja Wahaida wanasema visiwa ni vyao. Katika ya pili serikali ya Kanada inasema ardhi ni ya Taji, yaani ya dola. Hakuna aliyefuta maneno ya mwenzake. Waliandika kwamba hawakubaliani, kisha wakaendelea na lile wanalokubaliana, kwamba mahali hapa patunzwe. Bodi ya usimamizi ina wajumbe sawa kwa sawa na huamua kwa maafikiano, kwa hiyo serikali haiwezi kupitisha jambo kwa wingi wa kura. Mwaka 2010 bahari nayo ikaingizwa. Jimbo la British Columbia lilikuja kutambua rasmi haki ya Wahaida juu ya ardhi ya visiwa vyote mwaka 2024. Wangengoja suala la umiliki liishe kwanza, misitu ile ingekuwa mbao zamani.

Huku Afrika Mashariki wimbo wetu ni kushirikisha wananchi. Tunaijua mikutano yake: turubai, chai na maandazi, karatasi ya mahudhurio, posho, halafu uamuzi unaletwa ukiwa umeshapigwa muhuri. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina vijiji ndani yake na ina kamati za vijiji, na zimefanya mengi mazuri. Lakini bodi yenye mamlaka ni ya kitaifa. Kijiji kinashauriwa, hakina nguvu ya kukataa. Hapo ndipo ninapoona tofauti, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko tofauti ya pesa tunayopenda kuisingizia.

Zamu yetu ilipofika tulipokelewa na mlinzi, mama wa makamo aliyevaa koti la mvua. Walinzi hawa wa Kihaida walianza mwaka 1981, kwa kujitolea, kulinda vijiji vya wazee wao dhidi ya wezi na waharibifu. Sasa ni kazi ya mshahara. Njia imepangwa makombe meupe ya baharini pembeni, na hukanyagi nje yake. Nguzo za kuchongwa zimeinama, nyingine ziko chini, na juu ya boriti ya nyumba iliyoporomoka mti mzima umejiotea. Mmoja wetu akauliza kwa nini zisipakwe dawa. Mama akajibu kwa upole kwamba nguzo ina wakati wake wa kusimama na wakati wa kurudi ardhini. Katika kijiji kingine cha kale, SG̱ang Gwaay, kilicho kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, baadhi zimewahi kunyooshwa, lakini msimamo ni uleule. Badala yake wanachonga mpya. Mwaka 2013, kwenye kisiwa kilekile cha Athlii Gwaii, waliinua nguzo ya kuadhimisha miaka 20 ya mkataba, na miongoni mwa michoro yake kuna watu waliosimama pamoja wamevaa gambuti. Hao ni wale wa kizuizi cha 1985.

Kuna jambo linalowaudhi wapenzi wengi wa wanyama, nami nalitetea: wanaua kulungu. Kulungu waliletwa na wageni kuanzia karne ya 19, hakuna mbwamwitu wa kuwapunguza, na wanakula miche ya mierezi mpaka chini ya msitu panabaki patupu. Mwaka 2017 ukaanza mpango wa kuwaondoa kwa bunduki kwenye visiwa kadhaa. Kabla yake waliondolewa panya, kwa sumu, ili ndege wa baharini wanaotaga mashimoni warudi. Anayehitaji mwerezi wa kuchonga mtumbwi ana haki ya kuamua nani asiule ungali mche.

Ukienda, weka nafasi mapema, tafuta kampuni inayomilikiwa na Wahaida, na nunua koti la mvua la maana. Langu lilivuja.