Eti "Glasi Tu?"

Katika maonyesho ya picha niliyohudhuria hivi karibuni, mgeni mmoja nadhifu alisimama mbele ya picha ndogo ya rangi za maji, iliyochorwa glasi ya chai ya rangi yenye kijiko ndani, akaitupia jicho, kisha akamuuliza mchoraji kwa nini hakuchora twiga. Mchoraji alitabasamu kwa adabu. Mimi adabu hiyo imenishinda.

Laiti angejua kwamba twiga husamehe makosa na glasi haisamehi. Twiga akizidishiwa shingo, tutasema ni mtindo. Ukingo wa glasi ukienda upande kidogo tu, kila aliyewahi kunywa chai ataona. Isitoshe, kwa anayetumia rangi za maji pekee hakuna rangi nyeupe ya kuokoa jahazi: weupe wote ni wa karatasi yenyewe, hivyo ule mng'ao mwembamba unaoteremka ubavuni mwa glasi hutengewa nafasi na kuachwa mtupu kabla brashi haijalowa. Katika picha ile kijiko kilionekana kimekatika pale kilipozama, kwa kuwa mwanga hupinda unapotoka kwenye chai, na vipande vyake viwili havikukutana, kama tunavyoviona mezani kila asubuhi bila kuviangalia. Kivuli nacho hakikuwa cheusi; katikati yake palikuwa na doa la rangi ya asali, mahali mwanga ulipopenya chai na kuangukia kitambaa cha meza. Hayo hayabuniwi, mtu hukaa akaitazama glasi mpaka chai ipoe. Na huku Pwani, wakati wa masika, karatasi haikauki upesi, na asiye na subira akipaka rangi juu ya rangi mbichi huambulia tope.

Anayemtaka twiga aende hifadhi ya Mikumi, atamwona akiwa barabarani.

Nakiri, shingo upande, kwamba twiga hununuliwa na kwamba kodi ya nyumba hailipwi kwa sifa. Wala sina ugomvi na Tingatinga, ule mtindo wa picha za wanyama zenye rangi kali: Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta zinazong'aa na vipande vya ubao mwembamba, yaani vitu alivyovipata karibu, na huo ulikuwa ujasiri. Ajabu ni kwamba ujasiri huo leo umegeuzwa sheria, na kijana anayechora kilicho mezani kwake huulizwa kama mtalii atakitambua.