Msokoto una mwenyewe

Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alianza kuandaa mswada wa kuhalalisha bangi mwaka 2018. Miaka minne baadaye George Wajackoyah akaufanya uhalalishaji huo ahadi ya kampeni ya urais. Walishangiliwa, wakakemewa makanisani. Katika kelele zote hizo sikumbuki aliyeuliza habari za binti wa miaka 19 wa mtaa wa mabanda wa Mathare, Nairobi, msokoto ukishazimwa na mlango ukishafungwa.

Wazazi wanaosema bangi huwatumbukiza vijana katika ngono ya kiholela wana hoja. Utafiti wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya nchini Kenya, ulikadiria kwamba Mkenya 1 kati ya 53 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia bangi. Bangi hupunguza uangalifu na kuvuruga kumbukumbu, na tafiti za nchi mbalimbali zimeona vijana wavutaji wakiwa na wapenzi wengi zaidi, kondomu wakizitumia kwa nadra. Wanaosema "ni majani tu" hawajajibu hilo.

Ila mambo mawili kuandamana hakufanyi moja kuwa mzazi wa jingine. Kijana anayevuta mara nyingi pia anakunywa, ameacha shule, anajibanza kwa rafiki kwa sababu kwao kodi imekwama. Mnyang'anye bangi, kodi bado imekwama. Tena pale maskani msokoto una mwenyewe. Huyo ndiye mwenye chumba, ndiye aliyelipia chipsi, na suala la kondomu huamuliwa naye. Mimi naogopa deni hilo la fadhila kuliko moshi wenyewe. (Wavulana nao, tuseme kweli, wako wanaonyamaza kwa kuogopa kuitwa washamba.)

Sasa tazama sheria. Ile ya dawa za kulevya ya 1994 inamwona binti huyo kuwa mhalifu kwa kuvuta. Ile ya makosa ya ngono ya 2006, kifungu cha 43, inasema aliyeleweshwa hadi akili ikavurugika hawezi kuhesabiwa kuwa ameridhia. Moja inamshtaki, nyingine inamkinga, na kwa hofu ya ile ya kwanza haikimbilii ya pili. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Yeye, kwa kuogopa kuulizwa habari za bangi zahanati, anakwenda kwa kemisti, ananunua P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, haulizwi neno. Mimba huenda ikazuilika. Virusi na kisonono, P2 haivigusi.

Wapo watakaosema zahanati ikilinyamazia suala la bangi itakuwa imeibariki. Sikubaliani nao, ingawa wasiwasi wao naufahamu. Mgonjwa lazima aulizwe ametumia nini ili atibiwe vizuri. Lakini muuguzi anaweza kuanza na "ilikuwa lini?", mengine yakafuata dawa ikiwa mkononi.