Imani Isiyohitaji Cheti cha Maabara

Kuna ujumbe unaozunguka sana kwenye makundi ya WhatsApp, na karibu kila mara huanza na "Sayansi yathibitisha..." Hufuatia aya ya kitabu kitakatifu, picha ya nyota au ya mimba changa, kisha madai kwamba wanasayansi wameduwaa na mmoja wao amesilimu, au ameokoka, papo hapo. Jina lake halitajwi. Wanaousambaza ni waumini wenye nia njema, nami nawahofia kuliko wanaosema hakuna Mungu.

Nitaeleza kwa kisa cha Georges Lemaître, padri Mkatoliki wa Ubelgiji aliyekuwa pia mwanafizikia. Mwaka 1927 alitumia milinganyo ya Einstein kuonyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Einstein mwenyewe hakukubali. Alimwambia hesabu zake ni sahihi ila fizikia yake haifai kabisa. Mwaka 1931 padri akasogea mbele zaidi: kama ulimwengu unatanuka, basi zamani sana vyote vilibanana mahali pamoja, katika kile alichokiita atomu ya mwanzo. Nadharia hiyo ndiyo leo tunaiita Mlipuko Mkuu, jina lililotokana na maneno ya mpinzani wake, Fred Hoyle, redioni mwaka 1949. Baadhi ya wataalamu waliishuku tangu mwanzo kwa sababu ilinukia kitabu cha Mwanzo, na aliyeileta alivaa kanzu.

Mwaka 1951 Papa Pius wa 12 alihutubia wanasayansi na kudokeza kwamba nadharia hiyo inaunga mkono imani kwamba Mungu ndiye aliyeumba. Ungetarajia padri ashangilie. Wapi! Hakupendezwa hata kidogo. Kwake, nadharia ile ilisimama nje ya mambo ya dini, na asiyeamini alikuwa huru kuikubali au kuikataa sawa na anayeamini. Mwaka uliofuata Papa alizungumza na wanafalaki huko Roma, na hoja ile hakuirudia.

Naamini Lemaître alijua jambo ambalo wasambaza ujumbe wetu hawalijui: nadharia ya sayansi huwekwa mezani ili ijaribiwe, irekebishwe, na ikibidi itupwe. Ukiifunga aya kwenye nadharia ya leo, siku nadharia itakapotupwa utasema aya nayo imekosea? Utatafuta tafsiri mpya haraka haraka, na kijana anayekutazama atakuwa ameshaona.

Hata kesi ya 1633 ya Galileo, mwanasayansi wa Italia aliyehukumiwa na kanisa kwa kushikilia kwamba dunia ndiyo inayozunguka jua, kesi ambayo kila mtu huitaja kama vita vya dini na sayansi, naiona hivyo hivyo. Maandiko yalikuwa yameshikamanishwa na elimu ya nyota ya Ptolemy, iliyoweka dunia katikati, na ilipoanza kuporomoka wakubwa wa kanisa wakaitetea kana kwamba ni imani yenyewe. Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri kosa hilo hadharani mwaka 1992. Miaka 359!

Upande wa pili nao una wapiga debe wake, wanaotangaza kwamba Mungu hayupo kwa vile darubini haijamwona. Hao sitawapotezea muda. Darubini haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mpaka huu kati ya sayansi na dini unaonekana vizuri Ramadhani inapokaribia. Mtaalamu wa falaki anaweza kukutajia, miaka mingi kabla, dakika ambayo mwezi utapita kati ya dunia na jua na mwezi mpya kuanza. Hapo kubishana naye ni ukaidi tu. Lakini je, funga ianze kwa hesabu au kwa mwezi kuonekana kwa macho? Na ukionekana nchi moja, unatosha kwa nyingine? Hayo ni maswali ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na mashekhe wamehitilafiana juu yake kwa karne nyingi. Anayeyajibu kwa kusema "sayansi imeshasema" hajamsikiliza mwanafalaki wala shekhe.