Kabla ya kununua kizimamoto Goma, uliza kilichomo

Kwenye maduka ya Goma, kizimamoto kinanunuliwa kwa bei na ukubwa wa chupa. Kilichomo ndani hakiulizwi, na ndicho kitakachobaki mjini moto ukishazimika.

Ninachokipinga waziwazi ni povu lenye florini, lile linaloandikwa AFFF. Kwa moto wa petroli ni hodari: linatandaza utando juu ya mafuta, mvuke ukakosa njia. Lakini utando huo unatokana na kemikali za PFAS, ambazo haziozi. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano yenye nyufa tele. Kinachomwagwa uani kinazama upesi kuelekea Ziwa Kivu, tunakojaza bidoni za lita 20. Klorini inayotiwa kwenye bidoni pale ufukweni inaua vijidudu vya kipindupindu, PFAS haizigusi. Ukichemsha, maji yanapungua, kemikali inabaki palepale. Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kudhibiti kemikali sumu zisizooza, uliorodhesha PFOS mwaka 2009 na PFOA mwaka 2019, zote mbili za jamii ya PFAS, kwa hiyo akiba ya zamani isitafutiwe soko kwetu.

Muuza mafuta achukue poda ya ABC, yaani ya moto wa vitu vigumu, vimiminika na gesi, ya kilo 6. Inawasha macho na kifua, basi asimame upepo ukimtoka mgongoni, apige shina la moto. Baadaye afagie, asioshee mferejini: fosfati yake inarutubisha mwani ziwani. Isipigwe kwenye inveta kama kuna kizimamoto cha CO2 (gesi ya kaboni dioksidi), maana ikipata unyevu inakula shaba.

CO2 haiachi uchafu, ila kwenye chumba kidogo inaua. Kilo 5 zinatoa gesi kama mita za ujazo 2.7. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, kina mita za ujazo 22.5: hiyo ni karibu asilimia 12, na ikipita 10 mtu anazimia ndani ya dakika chache. Ni gesi ileile ya mazuku, ile hewa ya kuua inayotoka ardhini kwenye volkano, na kama mazuku inalala chini. Kata umeme, piga ukiwa mlangoni, mkono kwenye mpini, kamwe si kwenye koni, kwa sababu baridi yake inaunguza ngozi. Toka, fungua madirisha, subiri. Betri ya lithiamu iangaliwe muda mrefu, kwani CO2 haiipozi na inaweza kuwaka tena.

Anayetaka povu kwa ghala kubwa la mafuta amdai muuzaji karatasi ya usalama inayosema „sans fluor“, yaani bila florini. Asipoionyesha, chupa irudi rafuni.