Kitufe cha Hariri Kilipotoweka Alhamisi

Nilikuwa nawafundisha watu kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, Morogoro, jioni, giza limeshaingia. Dirishani tumetundika shuka la Mama mwenye ukumbi, projekta inamulika, na mimi nimekolea. "Haya, tazameni juu kulia. Kitufe kimeandikwa Hariri."

"Kiko wapi?" akauliza mwalimu mstaafu aliyekaa mbele.

Nikageuka. Kweli, hakipo.

Mtu mwingine angeangalia kwanza kompyuta yake. Mimi ni mjuaji, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Nikawashushia mhadhara: toleo jipya la MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, halimwagwi kila mahali kwa mpigo. Linakwenda kwa mafungu kila wiki, na mafundi wenyewe wanaliita treni. Jumanne linaanzia tovuti za majaribio, ambako hata likiharibu hakuna wa kulia. Jumatano ni zamu ya miradi dada ya Wikipedia, yaani kamusi, hazina ya data ya Wikidata na hazina ya picha ya Commons, pamoja na Wikipedia chache zinazoonja mapema, kama ya Kikatalani na ya Kiitalia. Alhamisi ndipo tunafikiwa sisi tuliobaki, Kiswahili na Kiingereza behewa moja. Kasoro ikijitokeza, treni inarudishwa nyuma, watu wanaendelea na toleo la wiki iliyopita.

Watu wa Morogoro treni wanazijua. "Kwa hiyo hii imeanguka?" akauliza binti mmoja.

"Imeacha reli kidogo tu," nikajibu kama mkuu wa stesheni.

Nikamtumia ujumbe jamaa yangu anayezielewa kazi hizo: kitufe cha Hariri kimetoweka, waambie wasimamishe treni! Akajibu: "Kwenye kompyuta yako kipo?"

Nikainama. Kipo, kimetulia. Nikaufuata mwanga wa projekta mpaka dirishani. Pembe ya juu ya shuka Mama alikuwa ameikunja na kuibana, kuficha alipopaunguza kwa pasi. Kitufe chetu kilikuwa kimepita dirishani, kinawaka kwenye mwembe wa jirani.

Nikasogea huku nakohoa, nikachomoa vibanio, shuka likakunjuka. "Wameshairudisha!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwalimu mstaafu akasimama kabisa, akataka majina ya mafundi awapelekee shukrani za darasa. Mama hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama mikono, na vibanio vyake bado nilikuwa nimevishika.